Nyumba Isiyoonekana kutoka Barabarani

Jumanne nilipigiwa simu kutoka Karatu, nikaambiwa yule msanifu wa majengo amefariki. Wengi wenu hamkumjua, wala hamna kosa, maana alikuwa mtu wa kusema kidogo na kuchora sana. Nilifahamiana naye mwanzoni mwa miaka ya themanini, nilipokuwa mwandishi kijana wa habari za vijijini, na siwezi kujidai kuwa nilikuwa rafiki yake wa karibu. Hata hivyo siku ile sikufanya kazi yoyote. Kila nikishika kalamu naiona nyumba yake moja, nami nabaki mdomo wazi kama siku ya kwanza.

Kwao ni Rhotia, kwenye mteremko mkali unaolitazama Ziwa Manyara lote kwa chini. Wairaqw wa zamani hawakujenga juu ya kilima kama kile, walijenga ndani yake. Waliuchimba ubavu, wakaezeka kwa magogo na udongo, nyasi zikaota juu, na mwizi wa ng'ombe akapita asijue kuna watu. Hiyo ndiyo tembe. Lakini katika miaka ninayoisema, nyumba bora ilikuwa ya tofali na bati, tena kando ya barabara, na tembe ilihesabiwa kuwa ushamba mtupu. Mama mzazi wa msanifu, mjane, alikuwa bado mlimani kwenye tembe inayobomoka, akikataa kushuka na kuliacha kaburi la mumewe. Wakubwa wa wilaya wakamwambia wazi: ama ajengewe nyumba bora, ama ahamishiwe tambarare. Mwanawe akaomba likizo mjini, akaja kujenga.

Siku ya ukaguzi nilidandia Landrova ya Bwana Maendeleo, ofisa wa wilaya aliyekagua nyumba bora, mzee mmoja mnene asiyependa vilima. Tulipanda kwa miguu sehemu ya mwisho, tukamkuta msanifu amesimama na mama yake kwenye majani, mbuzi wakila pembeni. Nyumba hatukuiona.

"Ndugu, umetupandisha huku bure," Bwana Maendeleo alisema akihema. "Hiyo nyumba bora iko wapi?"

"Umesimama juu yake, Ndugu."

Akainua mguu mmoja haraka, kama mtu aliyekanyaga mkeka wa wenyewe kwa viatu. Mimi nikacheka, kisha nikanyamaza upesi, kwa kuwa alikuwa amekasirika kwelikweli.

"Msomi mzima! Sisi tunawatoa watu shimoni, wewe unamrudisha mama yako shimoni? Mama, funga mizigo. Gari likija tena, unashuka nalo."

Mama alimtazama mwanawe. "Tulia, aayo," msanifu alimwambia, akimwita mama kwa Kiiraqw. Kisha akamgeukia mgeni: "Ukitaka kubomoa, bomoa. Lakini ingia kwanza."

Tulishuka ngazi za mawe ubavuni, tukaingia. Ndugu msomaji, nimeingia majumba mengi tangu siku ile, na sijapata kuhisi vile tena. Nyuma yetu kulikuwa na ukuta wa mawe na mlima wenyewe. Mbele, kutoka kona hadi kona, ilikuwa vioo vitupu, na nje ya vioo hakuna kitu ila hewa na ziwa, ukingo wake umekuwa wa waridi kwa wingi wa ndege aina ya heroe. Mguu wangu ulitaka kurudi nyuma, jicho likataka kwenda mbele. Bwana Maendeleo alivua kofia, akauliza kwa sauti ya chini masika itakuwaje. Akaonyeshwa mfereji uliochimbwa nyuma ya ukuta, unaoyapokea maji ya mlima na kuyapitisha kando. Akarudisha kofia kichwani. "Mama atakaa," alisema mwishowe.

Siku hizi Karatu kila hoteli inauza mandhari, nayo inapakwa rangi za kupiga kelele ionekane toka mbali. Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa, lakini marehemu hakuishia kung'ang'ania ya kwao. Tembe ilikuwa na giza na moshi, naye alilijua hilo kwa macho yake mwenyewe ya utotoni. Aliuchukua mgongo wa tembe, akaupa macho ya vioo. Kwangu huo ndio usasa, na sijaona wengi wanaouweza.

Tulipokuwa tunaaga, mama alikuwa bado amesimama mlangoni, kama aliyekuja kutembelea. Mwanawe akamvutia kigoda mpaka kwenye vioo. Akaketi, mikono mapajani, akatazama.

"Hili ziwa naliona tangu nimeolewa hapa," alisema. "Lakini siku zote nilikuwa na kuni mgongoni. Leo ndiyo mara ya kwanza naliona nimekaa."

Basi wewe unayetafuta kiwanja chenye mandhari, kabla ya kumwita fundi, jiulize ni nani kwenu ambaye hajawahi kuketi. Dirisha ni la huyo.