Bibi na Mwenye Tai Nyekundu

Hadi leo nikisikia harufu ya chai ya iliki ikichemka, masikio yangu hungoja ngoma. Si ngoma ya harusi. Ni mdundo uliofungua habari za stesheni moja ya Marekani, ngoma na tarumbeta kana kwamba vita imetangazwa, ambao ulitikisa sebule yetu ya ghorofa ya kumi na moja, mtaa wa Flemingdon Park nchini Kanada, kila siku ya kiangazi kile nilichotimiza miaka kumi. Dirishani ulionekana msitu wa bonde la mto Don, kijani kitupu, na korido yetu ilinuka vitunguu vya nchi sita. Ndani mwetu, hata hivyo, Kanada haikusikika. Baba aliilipia ile stesheni kila mwezi kwa kusudi moja tu, la kuitukana.

Wengine wana timu zao za mpira. Baba alikuwa na wanasiasa wa Marekani. Mwaka ule walikuwa wakigombania sheria mpya ya bima ya afya, na wahafidhina wao, ambao sidhani kama walishawahi kukalia kiti cha zahanati yetu, waliigeuza Kanada kuwa zimwi la kutishia watu. Asubuhi, kabla hajaenda kupanga vifurushi ghalani, Baba aliniita nisome maandishi yaliyopita chini ya skrini. "Umeona alama ya kuuliza? Hawasemi Kanada inaua wazee. Wanauliza, je, Kanada inaua wazee? Anayeuliza hashtakiwi, mwanangu." Akimwona seneta, huongeza kwamba bwana yule matibabu yake yanalipiwa na serikali ileile anayowaogopesha nayo maskini. Kisha yangefuata matusi, lakini mwaka ule kulikuwa na kikwazo kizito: Bibi, mzaa mama, alikuwa amehamia kwetu kutoka Tanga, na mtu hatukani mbele ya mama mkwe. Baba akizidiwa alisimama kwa adabu, akasema, "Samahani Mama, natoka kidogo," akaenda roshani kuwatukania njiwa. Alirudi na uso wa mtu aliyetoka kuswali.

Bibi alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Televisheni aliiona kama taa nyuma ya pazia, lakini habari alizipenda, maana maisha yake yote alikuwa mtu wa redio. Kuanzia saa nane mchana Baba na Mama wote wako kazini, tunabaki wawili, na mkalimani ni mimi. Nilikuwa kama watoto wote wa jengo letu, Kiswahili naelewa, najibu kwa Kiingereza. Bibi hakulikubali hilo hata siku moja. "Mke mwenzangu," angesema, maana ndivyo alivyonitania, "hicho Kizungu chako kampe mwalimu wako. Mimi niambie, anasema nini?" Basi Kiswahili changu nilikitoa midomoni mwa wahafidhina wa Marekani. Nilijua muswada, bima na ushuru kabla sijajua bizari ni nini.

Katika wote waliotokea alasiri, mmoja hakukosa: mwanasiasa mwenye tai nyekundu na sauti ya asali. Siku moja akasema kwamba huko Kanada mzee akiugua huwekwa kwenye foleni mpaka afe, na kwamba kuna watumishi wa serikali wanaotazama umri wako kwanza, wakishaona umechoka wanalipita jina lako. Bibi alikuwa kwenye foleni ya upasuaji kwa miezi saba. Na kila Ijumaa Mjomba Hemedi, kaka yake Mama aliyekaa Ohio, Marekani, na kuiamini stesheni ile kama saa ya ukutani, alipiga simu akitaka kuja kumchukua mama yake akaishi kwake. Mimi na Bibi tulilala chumba kimoja. Nilikuwa nimezoea kulala nikisikia tasbihi yake, na sikutaka kitanda kile kiwe kitupu. "Anasema hospitali za Kanada ni nzuri sana, Bibi," nikasema. "Anasema Wamarekani wanazitamani."

"Alhamdulillahi," akasema Bibi. "Mtu mwema huyo."

Kwa wiki mbili nilimgeuza mwenye tai nyekundu kuwa walii. Akifoka, nilisema anawakemea wanaotuonea wivu. Bibi akaanza kumwombea dua kila baada ya swala ya alasiri. Baba, siku yake ya mapumziko, alinisikia nikitafsiri. Alinitazama, nikajua nimekamatwa, lakini akanikonyeza tu na kwenda kuchekea jikoni. Nilijiona shujaa.

Njia ya mwongo ni fupi. Jumamosi moja Mjomba alifika na gari, akala pilau, akaketi mbele ya televisheni na kushusha pumzi. "Mama, nimekuja kukuchukua. Lisemwalo lipo. Huyu bwana anasema kila siku, hapa watakuacha mpaka upofuke."

"Bwana gani?"

"Huyu hapa, mwenye tai nyekundu."

"Huyu? Huyu ni mtu wetu, Hemedi. Ameisifu Kanada tangu mwezi uliopita. Hata dua namwombea."

Kwenye skrini tai nyekundu iliendelea kuhubiri. Bibi hakuhitaji macho kujua. Akaniita, akanipapasa uso kwa kiganja chake kikavu, akakuta machozi. "Mke mwenzangu, nina macho mawili mabovu. Nilikufanya wewe la tatu. Na wewe unanificha?" Nikasema nilikuwa sitaki aondoke. Hakunipiga wala kunigombeza, na ingekuwa nafuu angenigombeza. Ndipo Baba akakohoa, akasema mbele ya mama mkwe wake jambo ambalo najua lilimgharimu. "Mama, mimi nilijua. Nilimsikia nikacheka, kwa sababu uongo wenyewe ulikuwa wa upande wetu."

Bibi aliiacha chai yake mpaka ikapoa. Kisha akaamua. Jumatatu alikuwa na miadi ya kupimwa kliniki ya macho. Atamuuliza daktari mwenyewe, maana kuuliza si ujinga, na akiona hapaeleweki ataondoka na mwanawe. Mjomba alijitolea kutafsiri, Mama naye akajitolea. "Hapana," akasema Bibi, akininyooshea kidole pasipo kukosea. "Atatafsiri huyuhuyu."

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sura ya kukosa usingizi. Mjomba alisimama mlangoni, mikono kifuani. Bibi akasema, nami nikageuza kwa Kiingereza, kwamba kuna bwana kwenye televisheni anayesema mtaniacha nipofuke kwa kuwa ni mzee, je, ni kweli? Daktari hakucheka. Aliweka kalamu chini, akajibu polepole ili niweze kumfuata. Jibu lake lilikuwa na nusu mbili, na ile ya kwanza ilinikwama. Ningeweza kuiruka, Bibi asingejua, na kitanda chake kisingekuwa kitupu. Lakini bado nilikihisi kile kiganja shavuni. "Anasema umengoja muda mrefu mno, Bibi. Anasema foleni yao ni ndefu na inawaaibisha, na hana la kujitetea." Kisha nikaileta nusu ya pili. "Na anasema hakuna anayetazama umri. Mzee anayeweza kuanguka kwa kutoona, wanamsogeza mbele. Tarehe yako imepatikana, ni mwezi ujao."

Bibi aliitikia kwa kichwa. "Amekubali la kumwaibisha," akasema. "Basi na hilo lingine namwamini. Hemedi mwanangu, utarudi peke yako."

Tukiwa koridoni Mjomba alimvuta Mama kando, akamuuliza kwa sauti ya chini kama hapa wanaweza kumpima sukari mtu asiye na kadi ya afya. Miguu ilikuwa ikimwaka moto usiku, na alikuwa hajaonana na daktari kwa miaka minne kwa kukosa bima. Nilikuwa mtoto, lakini hasira niliyoisikia pale ninaikumbuka. Mtu aliyefunga safari kutuokoa sisi ndiye aliyekuwa akiumwa, na waliomtisha kwa habari za kwetu ndio waliokuwa wakimzuilia dawa kwao.

Bibi alipasuliwa jicho moja, baadaye la pili. Bandeji ilipotoka aliketi mbele ya televisheni, akamkagua mwenye tai nyekundu juu mpaka chini. "Ndiye huyu? Mbona kitoto, na tai yenyewe imekaa upande! Haya, tafsiri. Yote." Nilitafsiri yote, na Bibi akamjibu neno kwa neno, kwa lahaja ya Tanga na kwa ukali ambao Baba, aliyekuwa amekwishasimama kwenda roshani, aliketi tena kuusikiliza.

Miaka imepita. Sheria ile ya Marekani ilipita, na Mjomba akaja kupata bima yake. Stesheni ile bado anaitazama, dawa za sukari zikiwa mezani mbele yake. Foleni zetu bado ni ndefu, nami nazijua, kwani sasa ni mkalimani hospitalini, na likija neno zito la daktari huwa nalipitisha zima kama lilivyo. Uzushi nao umehama, hausubiri tena ngoma ya alasiri. Unaingia kwenye simu pamoja na salamu za asubuhi, alama ya kuuliza iko palepale, na ndugu ndio wanaoutuma.

Juzi aliyetuma alikuwa Baba. Habari ilisema mwenye tai nyekundu, mzee sasa, amekamatwa kwa wizi. Bibi, ambaye macho yake yamechoka tena kwa umri tu, aliniomba nisome. Nilisoma kwa furaha mpaka katikati, nikaona yanayofuata, nikasita. Bibi akageuza uso kunielekea. Nikaendelea mpaka mwisho, hadi pale waandishi wenyewe walipokiri kwamba hakuna aliyethibitisha lolote.

"Mwambie mkwe wangu pole," akasema Bibi. "Hata mimi nilikuwa nimeshaanza kufurahi."