Jogoo Aliyekataliwa Mezani

Mchungaji alimsifu sana mdogo wangu siku ya maziko, ila sifa moja aliisahau: marehemu alikuwa bingwa wa kukataliwa na majarida ya kisayansi kabla hayajamsoma. Namshukuru Mungu kwa yote. Kwa hilo moja bado tunazungumza, Yeye na mimi.

Nyumbani tulimwita Jogoo. Alifundisha chuo cha mifugo, katika ofisi ya dirisha lisilofungika aliyoitumia pamoja na mwenzake mmoja mrefu, Mlingoti. Ili apandishwe cheo alihitaji makala moja iliyochapishwa. Basi akaja uani kwangu, akapindua ndoo, akakaa kuwatazama kuku wangu. Alitaka kujua kwa nini kuku akihamishwa banda huacha kutaga. Ningemjibu bure: hata mimi nilipohamia nyumba hii sikuwasha jiko mpaka nilipozoea kuta. Lakini sayansi haipendi majibu ya bure.

Tukahamisha kuku, tukawarudisha. Mimi naokota mayai, yeye anaandika. Makala ilipokamilika alinionyesha ukurasa wa kwanza. Jina langu limetangulia lake.

"Umechanganyikiwa? Mimi nimeishia kidato cha nne!"

"Dada, lini mdogo akatangulia mlangoni?"

Ndivyo tulivyolelewa: mkubwa kwanza, iwe kunawa mikono, iwe sala. Na pale ambapo wasomi huandika chuo wanachotoka, mimi aliniandikia: Kwaya ya Kanisa, Sauti ya Pili.

Jarida la kwanza lilijibu kabla chai haijapoa. Lilisema linashughulika na ng'ombe.

"Limeandikwa Mifugo," Jogoo akalalamika. "Kuku si mfugo?"

"Kwa wakubwa kuku ni kitoweo," nikamwambia.

La pili alilitumia kwa haraka, na barua ya utangulizi ikabaki na salamu kwa mhariri wa jarida la kwanza. Mhariri wa pili akanuna kama mke aliyeitwa jina la mke mwenzie. Mlingoti akatufafanulia kwamba huko ndiko kukataliwa mezani: mhariri anatupa jicho, anarudisha, na makala haifiki kwa wale wataalamu wanaosoma neno kwa neno.

"Kwa hiyo hawasomi?"

"Zinawafikia nyingi mno, Dada. Wanatafuta sababu ya kupunguza. Na huyu Jogoo wako anawapelekea sababu kwenye sinia."

Jarida la tatu lilikuwa na huruma kuliko yote. Liliwahurumia kuku. Kibali cha maadili kiko wapi, nani aliruhusu wasumbuliwe? Kuku hao hao ambao mgeni akibisha hodi hawaulizwi chochote. Tena likataka kujua kwaya ni taasisi ya utafiti ya aina gani. Kamati ya chuo ikamwandikia Jogoo kwamba kutazama kuku wa nyumbani kunahitaji idhini ya mwenyewe tu, nikatia saini tukicheka. Swali la kwaya likabaki, na cheko likaisha, kwa sababu kifua chake kilikuwa kimeanza kumla.

Cheo hakikuwa na maana tena. Alilala kwenye kitanda cha sebuleni kwangu, anasema anataka tu mtu mmoja aisome mpaka mwisho.

"Basi nitoe," nikamwambia. "Mimi ndiye gogo njiani. Toa hilo jina, waisome."

"Bila wewe hakuna yai hata moja humo."

"Mayai ni ya kuku. Nitoe, Jogoo."

Akageukia ukutani. Kesho yake akaomba kompyuta, akahangaika nayo asubuhi nzima kwa vidole vilivyokonda, akaituma kwa jarida la nne, la ndege wafugwao, kisha akasema, "Nimekutoa. Umefurahi?"

"Sana," nikasema, nikaenda bandani kufurahi huko, leso machoni.

Hakulisubiri jibu. Bwana alimwita, na Bwana huwa haombi kibali.

Tulipokwisha kumzika, Mlingoti alikuja na kompyuta yake, akakaa juu ya ndoo ileile, magoti yakamfika kidevuni.

"Lile jarida la ndege wafugwao limejibu, kwa anwani yangu aliyowapa Jogoo."

"Wamekataa. Sema tu, tumeshazoea."

"Wameipitisha. Imekwenda kwa wasomaji, wale wa neno kwa neno."

Nikashika nguzo ya banda. "Wameamka sasa! Wakamwandikie kaburini."

"Hawakumwandikia yeye, Dada. Wamekuandikia wewe."

Akanigeuzia kioo cha kompyuta. Jina langu limetangulia, palepale lilipokuwa. Mwongo mkubwa yule. Alichotoa ni kwaya peke yake, na mahali pake akaandika: Mfugaji, Mtafiti Huru.

"Wasomaji wakiwa na maswali, wewe ndiye utajibu," Mlingoti akasema. "Mimi nitakusaidia kuandika tu."

"Mimi?"

"Si ndiye uliyetangulia mlangoni?"

Basi sasa mimi ni Mtafiti Huru. Nimewaarifu kuku, hawakushtuka. Waheshimiwa wasomaji bado wanasoma, wasiharakishwe, wao hawana msiba. Maswali yakija nitayajibu, maana banda ni langu na mayai niliyaokota mwenyewe. Ila kila asubuhi nikimwaga pumba namwomba Mungu jambo moja kuhusu mdogo wangu: huko aliko, asomwe mpaka ukurasa wa mwisho. Kama kuna malaika aliyewekwa mezani, na ampitishe.