Kiegemeo cha Mlango wa Dereva

Mnanichosha, nyinyi wa "si uagize tu mtandaoni". Gari kiwanda kiliacha kulitengeneza hata hamjazaliwa, mtaagiza kwa nani? Hebu tulieni niwape habari za dada mmoja fundi. Mtaani wanamwita Vishikio, maana kazi yake ni kutengeneza vitu vya ndani ya magari ya zamani: vishikio vya milango, vifuniko, vitufe vya redio, vile ambavyo ukiuliza dukani wanakucheka.

Safari hii gari lilikuwa la nyumbani. La baba yake, dereva mstaafu ambaye macho yake yalishazima. Kila asubuhi mzee alikuwa anapapasa ukuta mpaka uani, anafungua mlango, anakaa kwenye usukani, kiwiko juu ya kiegemeo cha mlangoni, anasikiliza redio. Humo ndani hakuhitaji kushikwa mkono na mtu. Kila kitu alijua kilipo.

Halafu akaja fundi wa kufuli kufungua mlango uliokwama. Akakivunja kile kiegemeo, vipande akavifagia na takataka. Mzee alipokaa, kiwiko kikabaki kinaning'inia hewani. Akatoka. Akasema sasa hilo ni gari la watu. Tangu hapo asubuhi zikawa zinamkuta kitandani, ameelekea ukutani.

Vishikio hakuweza kuvumilia kumwona baba yake anazimika hivyo. Mbio mbio akafungua kiegemeo cha mlango wa abiria, kizima kabisa, akakimiminia raba ya kutolea umbo, akapata kalibu safi yenye umbo lake, akamwaga plastiki humo. Kikatoka kama kimezaliwa. Kukipeleka mlango wa dereva, kimegeuka. Ncha ya kutazama mbele inatazama nyuma. Kaka yake alicheka mpaka akakaa chini.

"Hongera dada. Umemshonea mzee viatu viwili vya mguu mmoja."

Fundi mzima, kosa la siku ya kwanza kazini. Haraka zilimponza. Alinuna, akaingia chumbani, na hapa ndipo mtu unaishiwa maneno: akabandua kioo cha kabati lake la nguo, akakisimamisha mezani kwenye karakana. Mbele yake akaweka kile kiegemeo cha abiria. Akachukua kipande cha mti laini na patasi, akaanza kuchonga. Lakini hatazami kiegemeo chenyewe. Anatazama kilichomo kiooni.

Umeelewa? Kile cha dereva, kilichovunjwa kikafagiliwa, kilikuwa kimekaa mle kiooni kizima, na kona zake na mikunjo yake yote, na huyu dada anakitoa humo kidogo kidogo kwa patasi. Kaka aliyecheka alikuja kumletea chai. Akaganda mlangoni, chai ikapoa mkononi mwake.

Umbo la mti likazaa kalibu, kalibu ikazaa kiegemeo, na safari hii kikakaa mlangoni kimya, kama hakijawahi kutoka.

Kumtoa mzee kitandani ilikuwa kazi. Alibembelezwa, akaguna, akaenda. Akakaa kwenye usukani. Kiwiko kikashuka, kikatua. Vidole vikatembea ukingoni taratibu, vikarudi.

"Hiki si changu," akasema.

Vishikio akainama kukikagua.

"Changu kilikuwa na shimo hapa. La kiwiko."

Kweli. Cha abiria hakikuwa na shimo, maana marehemu mama yao miaka yote alikaa pale amekumbatia mkoba wake kama kuna mwizi kwenye buti. Vishikio akachukua msasa.

"Nakuchimbia sasa hivi, baba."

Mzee akakifunika kiegemeo kwa kiganja.

"Acha, mama. Hilo nitalichimba mwenyewe. Wewe niwashie redio."

Basi na wewe, kitu cha ndani ya gari lako la zamani kikivunjika, naomba usitupe mwenzake wa upande wa pili. Mpelekee fundi. Na kioo ubebe.