Ardhi Iliyoachwa na Maji

Jumapili ya tarehe nane Agosti 1954, asubuhi, mke wangu alifariki katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya jiko la Bwana wangu, kando ya ziwa. Alikuwa na kichomi. Tulikuwa tumepanga apelekwe hospitali ya Nakuru siku ya Jumatatu, kwa lori la maziwa. Hatukuwa tumejaliwa mtoto.

Kwetu ni Maragoli, na kwetu mke huzikwa nyumbani kwa mumewe, mahali panapojulikana, hata mgeni akifika aonyeshwe bila kusitasita. Lakini ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Mtu kusafiri tu kulitaka kibali, na kusafirisha maiti kwa gari moshi halikuwa jambo la kuombwa na boi wa meza. Nilisimama kwenye mlango wa jikoni nikamwambia Bwana. Alisikitika, sitamsingizia. Alitoka nje, akanyoosha kiko chake kuelekea ziwani.

"Zika kule chini," alisema. "Udongo laini. Mahali mzuri."

Kule chini palikuwa pameachwa na maji. Mvua zilikuwa haba miaka ile, na ziwa lilizidi kurudi nyuma, likiacha udongo mweusi ambao ukiupiga jembe unaingia wenyewe. Huku juu, kwenye bustani, ilikuwa changarawe na mwamba. Wenzangu walichimba haraka. Polisi walituruhusu watu wachache tu, na mpishi wetu, aliyekuwa mzee wa kanisa kwao, akaomba. Nilibeba mawe kutoka mteremkoni nikayapanga kuzunguka tuta, na kichwani nikasimamisha msalaba wa mti wa mwerezi. Niliutengeneza mwenyewe.

Sasa lazima nieleze habari za chama chao, kwa sababu bila chama kile mengine hayaeleweki. Wenye nyumba zote zilizotazama ziwa upande wetu, Wazungu watupu, walikuwa na chama. Kila nyumba ilikuwa na sauti moja, iwe kubwa au ndogo. Mkutano ulihama nyumba hadi nyumba, na nyumba iliyopata zamu ndiyo iliyotoa chai. Chama ndicho kilichotengeneza barabara ya murami, ule udongo mwekundu wa changarawe, mpaka kwenye njia kuu ya Nakuru. Chama kiliajiri askari wa geti, kikafukuza viboko walioingia bustanini, kikakata mafunjo yalipoziba njia ya mashua. Nyumba ya mmoja wao iliposhika moto, wenzake walikuja mbio na mapipa ya maji. Sisi ndio tuliobeba, lakini na wao walibeba. Sijapata kuona watu waliosaidiana kama wale. Ukiwa mwanachama, hukuachwa peke yako.

Na kuhusu ardhi iliyoachwa na maji walikuwa na sheria yao. Kila mtu aliweza kulima mbele ya nyumba yake mpaka majini, lakini asijenge kitu, asiweke ua, wala alama yoyote ya kudumu. Ardhi ile haikuwa ya mtu, walisema, maji yangeweza kuirudia. Aliyetaka kuweka chochote pale ilibidi jirani zake wakubali mkutanoni. Haya yote niliyajua kwa kupeleka chai. Nilisoma mpaka darasa la nne kwa wamisheni, na Kiingereza kingine nilikiokota mezani. Hakuna aliyepunguza sauti kwa sababu yangu.

Jirani wa upande wa kushoto, mwenye ng'ombe wa maziwa, aliuona msalaba kutoka barazani kwake. Mvua za vuli hazijaanza, mkutano ukaangukia nyumba yetu, na mpishi akaniambia jambo la kaburi litasemwa. Alilipata kwa mpishi wa jirani.

"Leo una kazi mbili," alisema huku akipaka keki siagi. "Mikono ni ya chai. Masikio ni ya mke wako."

"Na mdomo?"

"Mdomo uache hapa kwangu. Nitauangalia."

Walikaa barazani. Walizungumza kwanza habari za barabara na lori lililoharibu kalvati. Kisha Bwana wangu akaleta jambo lake. Maji yalikuwa yamekwenda mbali na kibanda chake cha pampu, na alitaka kukiteremsha karibu na maji. Kwa jinsi ufuo ulivyojipinda, bomba lingepita mbele ya nyumba ya jirani wa kushoto. Bila ridhaa ya jirani, bustani yetu ingekauka. Jirani alisema angependa kulifikiria baada ya lile jambo jingine.

Lile jambo jingine lilikuwa mke wangu.

"Mimi sina ubaya na marehemu," jirani alisema. "Lakini sheria ni sheria. Leo msalaba, kesho kanisa."

Wakacheka. Bwana mmoja aliyelima ngano kule Mau Narok, mwenye nyumba ya mapumziko pale ziwani, hakucheka.

"Na kesho kutwa," alisema, "watatuambia hapa ndipo wazee wao walipozikwa, kwa hiyo ardhi ni yao. Mnajua mambo yalivyoanza kwingine."

Ndipo nilipoelewa wanaogopa nini. Waliogopa kaburi la mwanamke mmoja wa Maragoli, ambaye hakuwahi kutaka ardhi yao hata ya kupanda mboga. Alitaka kurudi kwetu kabla ya Krismasi.

Bibi mmoja mzee, aliyekuwa mwema kwa wafanyakazi wake, aliweka kikombe chini. "Maskini, mwacheni alale," alisema. "Kuna haja gani ya kumsumbua? Ziondolewe alama tu. Sheria inakataza alama, haikatazi mtu."

Ungewaona walivyopumua. Walifurahi kweli, kama watu waliopata njia ya kuwa wema bila kuvunja kitu. Jirani akasema hilo linamtosha kabisa, na kwa moyo huohuo, habari ya pampu hana pingamizi.

Mwenyekiti akaomba mikono. Nilikuwa nimesimama kando ya Bwana wangu na jagi la maziwa. Ilibidi nilisogeze ili mkono wake upate nafasi ya kupanda. Ulipanda pamoja na mingine. Hakunitazama. Alitazama kikombe, akasema, "Maziwa kidogo tu," nami nikammiminia maziwa kidogo tu.

Nilifikiri baadaye, sana, kama angeweza kufanya vingine. Angeweza kusema, "Mimi ndiye niliyemwambia azike pale." Hakusema. Chama kiliendeshwa kwa namna ile: nipe mkono wako leo, kesho nikupe wangu. Kwa wenyewe kilifanya kazi vizuri mno. Mimi sikuwa na mkono wa kumpa mtu.

Walipoondoka, Memsahib, mke wa Bwana, alikuja mbio jikoni, uso unang'aa.

"Habari mzuri!" aliniambia. "Bibi yako nakaa. Wote nasema ndiyo. Wewe toa mawe tu, na ile msalaba, na panga udongo iko sawasawa. Basi!"

"Ndiyo, Memsahib."

"Wewe hapana furahi?"

"Nimesikia, Memsahib."

Akanipa kipande cha keki iliyobaki. Alipotoka, mpishi alikitazama kile kipande, akanitazama mimi.

"Wamempa mke wako nyumba isiyo na mlango," alisema. Kisha, "Utaila hiyo, au niile mimi?"

Niliila. Nilikuwa sijala tangu asubuhi.

Kesho yake niliyarudisha mawe mteremkoni. Msalaba niliupasua, na mpishi akautia kwenye moto wa jiko, kwa maana kuuacha umelala chini kulikuwa kubaya zaidi. Kisha nikasawazisha tuta. Tuta la kaburi lina udongo wa ziada, ule uliochukuliwa nafasi na mtu, na udongo ule hauna pa kwenda. Niliutawanya kwa jembe mpaka usijulikane. Hakuna kazi niliyofanya pale ambayo niliifanya vizuri kama ile.

Lakini nilijiwekea alama ambazo sheria haikuziona. Nikisimama kaburini na kutazama juu, mgunga mkubwa wa njano ulifunika kabisa bomba la moshi la nyumba. Huo ulikuwa mstari wangu. Na ubavuni, sawasawa na bega langu, palikuwa na kibanda cha pampu. Mahali mstari na kibanda vilipokutana ndipo alipokuwa. Jioni nilipomaliza kazi nilishuka, nikajipanga na mti, nikajipanga na kibanda, nikasimama kidogo, nikarudi.

Kisha kibanda kikahamishwa. Mafundi walikuja kukibomoa siku ambayo Memsahib alikuwa amenichukua Nakuru kubeba vitu kutoka duka la Mhindi aliyetuuzia chai na unga. Tulirudi, kibanda kiko karibu na maji, na trekta la jirani limeshalima kipande chote tayari kwa kupanda lusani, majani ya kulisha ng'ombe. Jirani alilima vipande vyote viwili, chake na chetu, kumsaidia Bwana. Udongo wa kibanda cha zamani ulikuwa umegeuzwa pamoja na mwingine. Nilimuuliza dereva wa trekta kama kuna mahali alipopazunguka.

"Niliambiwa nizunguke," alisema. "Bwana wako alisimama pale, akasema, 'Zunguka hapa,' halafu akasema, 'Hapana, pale.' Mwisho akasema, 'Lima tu, yuko chini sana.'"

Nilibakiwa na mstari. Nilijua yuko kwenye mstari kati ya mgunga na maji. Wapi kwenye mstari, sikujua tena. Na maji yenyewe yalizidi kurudi nyuma, mstari ukawa unarefuka.

Baba mkwe alikuja mwaka wa 1956, vibali vilipolegea. Alikuja kwa gari moshi, kisha kwa miguu kutoka njia kuu, amevaa koti la jeshi la zamani na viatu alivyovitia rangi. Askari wa geti alimwambia mgeni wa mfanyakazi anatakiwa awe ametoka kabla ya saa kumi na mbili. Hiyo pia ilikuwa sheria ya chama. Nilimpa chai. Hakuinywa.

"Mkwe," alisema, "sikuja kunywa chai. Nionyeshe mtoto wangu."

Tuliteremka. Lusani ilikuwa imefika magotini, kijani kibichi, nzuri. Nilimsimamisha mahali ambapo mgunga ulifunika bomba la moshi.

"Baba," nilimwambia, "yuko kwenye mstari huu. Kutoka hapa mpaka kule kwa maji. Mahali hasa sipajui."

Aliniangalia, akidhani labda kuna neno jingine linafuata.

"Mkwe, ulimzika au ulimpanda?"

Nilimweleza habari ya chama, ya sheria, ya mawe, ya pampu, ya trekta. Nilipokuwa nikisema nilisikia jinsi kila neno lilivyokuwa kweli na jinsi lilivyokuwa halifai. Alinikatiza.

"Hao watu walikupiga?"

"Hapana."

"Walikufunga?"

"Hapana, Baba. Walipiga kura."

"Nawe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nagawa chai."

Alivua viatu, akavifunga kamba na kuvitundika begani, akaingia kwenye lusani. Alitembea kwenye mstari kuelekea majini polepole, akiita jina la binti yake kwa lugha yetu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita mtoto aje ale. Nilimfuata nyuma. Kutoka barazani kwake jirani alipaza sauti.

"Wewe! Hapana kanyaga lusani!"

Mzee hakugeuka. Mimi niligeuka, nikainua mkono kumwonyesha kwamba nimesikia. Bwana wangu alikuwa bustanini juu, na mpira wa maji mkononi, akimwagilia maua. Alimwona mzee. Nadhani alijua ni nani, kwa sababu aliingia ndani.

Tulipofika karibu nusu ya njia mzee alisimama, akachutama, akasukuma lusani kando kwa kiganja, akachimba kwa vidole.

"Ni hapa, Baba? Umejuaje?"

"Sijui," alisema. "Lakini sirudi kwa mama yake mikono mitupu."

Alitoa kitambaa mfukoni, akachota udongo mweusi konzi moja, akaufunga. Akasimama kwa shida. Nilinyoosha mkono kumsaidia, akainuka bila kuushika.

Nilimsindikiza mpaka geti. Siku zile kila kilichotoka kilipekuliwa. Askari, mtu wa kwetu ambaye tulikula naye mara nyingi, alifungua koti, kisha viatu, kisha kitambaa.

"Hiki nini, mzee?"

"Udongo."

"Udongo wa nani?"

Askari alinitazama mimi. Nilimwambia ni wa mke wangu, kisha nikasema, "Labda." Askari akakifunga kitambaa tena, vizuri, kwa mafundo mawili, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Haya mzee," alisema. "Lori la maziwa linakuja. Litakufikisha stesheni."

Lori lilipofika alipanda nyuma, akaketi kati ya mikebe ya maziwa, kitambaa amekipakata. Nilimwambia safari njema, Baba. Alimwambia dereva aende.