Tuliposubiri Treni na Kalala

Asubuhi ile Mama alikuwa akikaanga maandazi uani kwetu Musonoi, nami nimembeba mgongoni mdogo wangu Kalala, mtoto wa mwaka mmoja mwenye tabia mbaya ya kunivuta nywele. Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa amefariki. Yeye na Mama walizaliwa hapa hapa Kolwezi, ila babu zao waliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Sikujua kwamba hilo lilikuwa kosa. Moshi uliniingia machoni na Mama akanicheka.

Kufikia mchana nyumba za Wakasai zilikuwa zinavunjwa. Vijana wenye mapanga waliimba kwamba wageni warudi kwao. Jirani yetu Mama Kapend, Mlunda, mwenyeji ambaye hawakumgusa, alituingiza kwake kwa mlango wa nyuma, akatuonya tusiseme Tshiluba, lugha ya Kasai, hata kidogo.

Vijana wale walifika.

"Hawa ni ba nani, mama?"

"Ni mutoto ya dada yangu na batoto yake. Banatoka ku Mutshatsha."

Kijana mmoja alimsukuma Mama ukutani.

"Mamu!" nikapiga kelele.

Watoto wa pale, kwa Kiswahili chetu, husema mama. Mamu ni ya Kasai. Tofauti ni herufi moja tu, nami nimeibeba mpaka leo, sijapata wa kumtwika.

Tulitolewa nje kwa mateke. Mama Kapend alipigwa kofi kwa ajili yetu.

Kwenye kituo cha treni tulikuta umati. Tulisubiri treni ya Kasai kwa majuma, mvua ikitunyeshea, tukinywa maji ya madimbwi. Kalala akaanza kuhara. Mama aliwaomba wapita njia maji safi, na baadhi yao tulikuwa tukisali nao kanisa moja. Wengi waligeuza uso. Waliogopa, naelewa sasa. Wakati ule sikuelewa.

Kalala alikufa alfajiri.

Tulimzika kando ya reli, mimi nikichota udongo kwa sahani.

Kesho yake likaja lori lenye blanketi, dawa na chupa za serumu ya kutiwa mshipani, vitu vilivyotumwa na watu wa nchi ambazo hatukujua hata majina yake. Hapakuwa na mahali pa kuning'iniza chupa, kwa hiyo muuguzi akaomba kwa ishara mtu wa kumshikia. Mama alisimama. Aliinua chupa juu ya mtoto wa mwanamke asiyemjua mpaka ikaisha. Jioni mtoto yule aliomba uji. Mama alimwekea mkono kichwani, kisha akaenda kukaa peke yake akalia mpaka sauti ikakauka. Mimi nilimchukia mtoto yule. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Treni ilikuja hatimaye, na Mama amezikwa Kasai. Mimi nilirudi Kolwezi nikiwa mtu mzima, na mwaka huu, parokiani kwetu Manika, padri alituomba nguo na blanketi kwa ajili ya watu wa nchi ya mbali walioangukiwa na nyumba katika tetemeko la ardhi. Tata Ilunga, mzee wetu na kiongozi wa jumuiya, akainuka.

"Padri, siye benyewe tunateseka. Bale bantu hata hatubajue."

Si mtu mbaya. Mimi mwenyewe nimewahi kufikiri hivyo. Mashimo ya kuchimbia madini yanawafukia vijana wetu pale Musonoi, na sijaona lori likija kwa ajili yao. Lakini miguu ilinisimamisha, nikawasimulia habari za kituo, za Kalala na za ile chupa. Neno lile, mamu, sikulitaja. Nilishindwa.

Tata Ilunga alisikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi.

"Pole sana, mama," akasema taratibu. "Lakini ile dawa haikuponesha ndugu yako."

"Haikumuponesha, tata. Ilikawia siku moja. Njo maana nasema tutume leo."