Teksi Bubu ya Bonde la Ammeln

Bihi u-Addi alipowaambia shemeji zake kwamba anahama Kasablanka, anakwenda kuendesha teksi yake mwenyewe huko kwao milimani kusini, bonde la Ammeln, walicheka mpaka chai ikawapalia. Si kwamba walikuwa na roho mbaya. Jambo lenyewe lilikuwa la kinyume. Tangu enzi za mababu, wanaume wa bonde lile ndio wanaokwenda Kasablanka. Huondoka ndevu hazijaota, wakalala juu ya magunia ya sukari nyuma ya kaunta ya duka la mjomba fulani, na wakishapata kaunta zao wenyewe hurudi kwao mara moja kwa mwaka, Sikukuu ya Kuchinja. Bondeni hubaki wake zao, mama zao na wazee. Sasa huyu anarudi kumfuata nani?

"Utabeba mbuzi," akasema Larbi, kaka wa mkewe. "Na mbuzi halipi nauli, shemeji."

"Habishani nayo pia," Bihi akajibu.

Alikuwa amechoka. Miaka yote ile aliendesha teksi ndogo nyekundu ambayo hata msumari mmoja ndani yake haukuwa wake. Kila asubuhi, kabla hajafikiria mkate wa watoto wake, alifikiria fungu la mwenye gari. Jioni gari lilikwenda kulala kwa mwenyewe, naye akarudi nyumbani kwa miguu, dereva asiye na gari. Kwa hiyo alipopata Mercedes kuukuu ya rangi ya samawati, ambayo asubuhi ilikohoa kama mvuta sigara kisha ikatulia, alijisemea kwamba hii ndiyo. Mkewe, Keltuma, alikubali kwa sharti moja. Zeituni zikifika wakati wa kuchumwa na hilo gari bado haliwalishi, litauzwa, nao watarudi mjini bila maneno mengi.

Wakafikia kwa shangazi yake Bihi, Ijja, kwenye nyumba ya udongo mwekundu chini ya majabali. Bihi alizaliwa chumba kilekile, ila baba yake alimchukua kabla hajang'oka meno ya utoto, hivyo bonde alilijua kama mtu anavyoijua ndoto: rangi anazikumbuka, habari yenyewe imempotea.

Jumatano ya kwanza, siku ya gulio la mji wa Tafraut, aliamka mapema, akalifuta gari vumbi, akalisimamisha kwenye kona ya jabali kubwa, pale barabara inapoingia kijijini. Sasa Kasablanka honi ndiyo ulimi wa teksi. Kwa honi unasema niko tupu, unasalimia, unatukana, unashukuru. Bihi akaweka kiganja kwenye usukani, akapiga honi mara tatu, ndefu ndefu, ili watu wajue kwamba usafiri wa kwenda gulioni umefika.

Wakatoka. Loo, walivyotoka! Walikuja kutoka kwenye milozi wakiwa bado na fimbo za kupukutishia, wakashuka kutoka darini, mmoja akaja na unga wa shayiri mpaka viwiko. Na wengi wao walibeba mabakuli ya maziwa, na tende juu ya visahani. Bihi moyo ukamjaa. Akasema moyoni, hawa ndio watu. Mjini hata maji hupewi, hapa dereva anapokewa kama bwana harusi.

Aliyetangulia alikuwa mwanamke mzee mwembamba, pumzi zikimkata, mtandio mweusi umemtelezea begani. Jina lake Tuda, na kwa heshima wote walimwita Lalla Tuda. Hakumtazama Bihi usoni, macho yake yalipita juu ya bega lake, yakaenda kiti cha nyuma. Bihi akalipokea bakuli lake kwa mikono miwili, akasema bismillahi, akanywa mpaka akaona chini, akafuta masharubu na kuokota tende moja. Hapo ndipo alipotambua kwamba hakuna anayepanda.

"Wengine wako wapi?" Lalla Tuda akauliza.

"Wengine wepi, mama? Ni mimi tu. Haya, nani anakwenda gulioni?"

Wanawake waligeuka mmoja mmoja, wakapanda kilima polepole, kwa sababu bakuli lililojaa halitaki haraka. Lalla Tuda alibaki nyuma kidogo na bakuli lake tupu. Akalitazama ndani, kisha naye akaenda zake.

Shangazi Ijja alipopata habari alijipiga paja. Akamkalisha mpwa wake kama mtoto, akamweleza. Miaka ile simu ilikuwa moja, ya posta ya Tafraut, na barua ilifika ilipopenda. Mwanamume akirudi kutoka Kasablanka alikodi gari mjini Tiznit, ng'ambo ya mlima, na dereva akifika kwenye jabali alipiga honi tatu ndefu. Maana yake: mtu wenu amekuja. Wa nani, haijulikani. Kwa hiyo kila mwenye mume au mwana hutoka na maziwa yake, atakayebahatika abahatike.

"Tuda ana mtoto mmoja, Idir," akasema shangazi. "Sikukuu ngapi zimepita hajamwona. Kila asubuhi anakamua, anaweka bakuli kando mpaka jioni, ndipo anakunywa mwenyewe. Wewe umeyanywa mbele ya macho yake, na tende juu."

"Nilidhani ni yangu."

"Watu wa mjini kila kitu mnadhani ni chenu."

Bihi alikwenda kuomba radhi. Mlango haukufunguliwa. Aliongea na mbao, na sauti ikamjibu kutoka ndani, wala haikuwa na hasira, ilikuwa kavu tu. "Siwezi kukutapisha," ikasema. "Nenda zako na honi yako."

Basi wanawake wakamsusa, na bonde lile bila wanawake halina abiria. Jumatano waliona heri wapande lori la mizigo la mtu aitwaye Mulud, juu ya magunia ya chokaa, warudi weupe kama mashetani, kuliko kuingia gari la samawati lenye viti vya sponji. Bihi alibeba wazee wawili watatu waliokwenda kuonana na karani wa serikali. Siku moja akabeba mbuzi kweli, na huyo mbuzi, Larbi asikie huko aliko, alilipiwa nauli. Keltuma naye, kila alipokwenda kuchota maji alipita chini ya mizeituni, akainama, akaangalia tunda lilivyoanza kugeuka kutoka kijani.

Asubuhi moja Bihi akafungua boneti, akauchomoa waya wa honi, akauzungushia utepe mweusi wa fundi umeme, akafunga. Hakumwambia mtu. Tangu hapo kila kona ya mlima aliipita kwa mwendo wa kobe, mkono wa kushoto nje ya dirisha, akiugonga mlango kwa kiganja: pa, pa, pa. Kwenye kona mojawapo akakutana uso kwa uso na lori la Mulud. Wakasimama, pua kwa pua.

"Honi yako imekufa?" Mulud akauliza.

"Nimeinyamazisha."

"Umenyamazisha honi, kwenye barabara hii?" Mulud aliegemea usukani, akamwangalia kama mtu anayetazama ngamia mtini. "Basi wewe ni bubu, ndugu yangu. Bubu kabisa."

Mulud alikuwa mtu wa lori, na habari ya mtu wa lori hufika kila mahali magunia yanapofika. Kabla wiki haijaisha bonde zima lilijua kuna Teksi Bubu. Wakacheka. Na kicheko kina faida yake, humsogeza mtu karibu ili aone vizuri.

Wa kwanza kusogea alikuwa Rqiya, mke kijana ambaye mumewe aliuza mafuta na sabuni huko Kasablanka. Jino lilikuwa limemvimbisha shavu kama ameweka limau mdomoni, na lori la Mulud siku hiyo halikuwapo.

"Ni kweli hailii?" akauliza, akiwa bado nje.

"Bonyeza mwenyewe."

Akaingiza mkono dirishani, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena kwa nguvu zaidi, akacheka huku ameshika shavu, kisha akapanda nyuma. Baada yake ikawa desturi. Kila mwanamke aliyepanda mara ya kwanza alibonyeza honi kwanza, akaridhika, ndipo akakaa. Bihi naye akajifunza kupanga watu, kwa sababu gari lile lilibeba wawili mbele na wanne nyuma, wamebanana bega kwa bega: wanawake nyuma, wazee mbele, na mwanamume mgeni akizidi atasubiri zamu nyingine, au bibi mmoja mnene aketi katikati awe ukuta.

Lakini Lalla Tuda hakupanda. Jumatano alipita kando ya teksi na kapu mgongoni, macho mbele, akaenda kwa miguu mpaka Tafraut. Na Tuda akitembea, mtaa wote wa juu ulitembea, maana wote ni ukoo wake, na hakuna aliyetaka kumpita akiwa kwenye kiti cha sponji. Hivyo nusu ya viti ilibaki wazi. Zeituni zikawa zambarau, kisha nyeusi. Keltuma akaanza kuvifunga vikombe kwenye magazeti.

Bihi akavuka mlima kwenda Tiznit kuonana na mnunuzi wa magari. Mnunuzi alipiga magurudumu mateke, akasikiliza injini, akabonyeza honi. Hakuna kitu. Bihi angeweza kuurudisha ule waya kwa muda wa kuwasha sigara, lakini hakuwa na hamu ya kueleza.

"Gari lisilo na honi ni sanduku," akasema mnunuzi. "Rudi kesho tuongee bei ya sanduku."

Alipokuwa anatoka stendi, akasimamishwa na mtu mwenye begi lililofungwa kamba na boksi kubwa kwapani. Anakwenda Ammeln, akasema. Begi likaenda kwenye buti, lakini boksi hakukubali kuliachia, akakaa nalo nyuma, kiti kizima. Wakapanda mlima. Abiria alikuwa mtu wa maneno machache. Baadaye, kona baada ya kona, akaanza kusema mwenyewe. Duka lake lilikwisha zamani. Alikuwa analinda ghala la mtu, na mlinzi wa ghala anarudi kijijini na nini? Sasa amepata sufuria ya mvuke, mpya, ndiyo hiyo iliyo kwenye boksi, ya mama yake. Alikuwa Idir, mwana wa Tuda.

Bihi aliendesha, kiganja kikigonga mlango kila kona.

"Mimi nimewahi kunywa maziwa yako," akasema hatimaye, akamweleza yote.

Idir alitazama bonde linavyofunguka chini. "Yalikuwaje?" akauliza.

"Yalikuwa na moshi kidogo."

"Ndiyo. Kile chungu chake."

Wakafika kwenye jabali. Idir akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Haya, piga honi," akasema.

"Teksi hii haina."

"Niingie kijijini kwetu kimyakimya kama mwizi wa kuku?"

Bihi akasimamisha gari. Aliwafikiria wale wote waliobonyeza ule usukani na kuridhika, akaona jinsi watakavyotoka na mabakuli yao, na ni mmoja tu atakayeondoka na mtu. Akafungua boneti. Utepe ulikuwa umegandamana kwa joto, akautoa kwa meno, akaurudisha waya. Akarudi kwenye kiti, akapiga honi tatu, ndefu.

Hakuna hata mmoja aliyedhani ni yeye. Bubu hana honi, kila mtu alishahakikisha kwa kidole chake mwenyewe. Kwa hiyo walitoka wote, fimbo za zeituni zikatupwa, mabakuli yakaja. Rqiya, aliyekuwa mbele, alipoliona gari la samawati alisimama ghafla, akakunja uso. Bihi hakungoja aulizwe. Alizunguka haraka, akafungua mlango wa nyuma ukabaki wazi, ili waone kiatu kinashuka.

Lalla Tuda alifika wa mwisho. Macho yake, kama siku ile, yakampita Bihi begani, yakaenda nyuma ya gari. Alimpa mwanawe bakuli, akasimama kumwangalia anavyokunywa, kama mtu anayehakikisha dawa inaisha, huku mwenyewe amekumbatia boksi asilojua ndani yake mna nini.

Wengine walibaki na mabakuli yao. Rqiya akamsogezea Bihi la kwake. "Kunywa wewe, mwenye mazoea," akasema, na baadhi wakacheka, baadhi wakawa wameshageuka kupanda kilima.

"Nimeshiba tangu siku ile," Bihi akajibu.

Mtaa wa juu ulianza kuondoka na Idir wao. Lalla Tuda alipiga hatua chache, akasimama.

"Bubu," akasema. Alikuwa hajawahi kumwita kwa jina lolote. "Jumatano nina zeituni za kupeleka kinuni. Utatuchukua. Mimi dirishani."

"Sawa, Lalla."

"Na usiniite kwa hilo lidude lako. Nitakuwa barabarani."

Bihi akafungua boneti tena, akauchomoa waya. Alipofika nyumbani, Keltuma alikuwa ameketi kati ya vikombe na magazeti, hajui avifunge au avifungue. Akamuuliza kama ameliuza.

"Nani atanunua gari lisilo na honi?" akasema Bihi, akachukua kikombe kimoja, akakifungua, akaomba chai.