Viungo vya Sauti ya Mama Yake

Nilipokuwa natunza kompyuta za redio moja ndogo mjini Garissa, mtangazaji niliyempenda kuliko wote alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Elwak. Nilimwita eedo, shangazi, kwa heshima ya umri wake. Kipindi chake kilikuwa cha wazee wakisimulia maisha ya zamani, na kati ya sauti alizorekodi, nne zilikuwa za mama yake mzazi, ambaye baadaye alifariki.

Sauti zote zilikaa kwenye folda ya hifadhi. Ili zisijirudie na kujaza diski, nilifungua dirisha la amri nikaandika ln -s, nikatengeneza viungo kwenye folda ya kipindi: majina tu, ya kuielekeza kompyuta kule hifadhini. Eedo akibofya jina, sauti inacheza. Sikumweleza. Niliona ni mambo ya fundi.

Asubuhi moja kompyuta ililalamika kwamba diski imejaa. Mimi nilikuwa nyumbani Galbet, naumwa malaria, naye hakutaka kunisumbua. Aliona kila sauti iko mahali pawili. Akaanza na za mama yake, alizozijua vizuri, akazifuta za hifadhini na kumwaga pipa la taka.

Niliporudi kazini nilimkuta mbele ya skrini, mtandio umemshuka mabegani.

"Walaal, ndugu yangu, majina yapo, lakini hayaongei. Nimefanya nini?"

Nikajaribu jina la kwanza. Faili halipo. La pili, vilevile.

"Eedo, hivi si nakala, ni viungo. Ulichofuta ndicho kilichokuwa sauti yenyewe. Kosa ni langu. Nilipaswa kukwambia."

Hakunigombeza. Hilo lilinichoma zaidi.

"Jaribu zote," alisema.

La tatu, kimya. La nne likakohoa. Kikohozi cha bibi kizee, kisha kicheko, kisha habari ndefu ya ngamia aliyepotea kwenye njia ya kwenda Banissa. Nilikagua mara mbili kabla ya kuamini. Siku ile nilipoandika amri ya kiungo hicho nilisahau ile -s, na bila hiyo kompyuta hailielekezi jina kwa faili; hulipatia faili lilelile jina la pili. Na faili halipotei mpaka jina lake la mwisho lifutwe. Uzembe wangu ndio ulioiokoa.

Eedo alisikiliza hadi mwisho, machozi yakimtiririka.

"Muongo huyu," akasema, akicheka. "Ngamia hakuwa wake. Alikuwa wa jirani."

Aliomba afute mwenyewe vile viungo vitatu vilivyokufa. Nilimwonyesha rm, amri ya kufuta, akaandika kwa kidole kimoja, akisoma kila jina kwa sauti kabla ya kubonyeza. Kisha nikamhamishia ile sauti iliyobaki kwenye simu, akamtumia dada yake Elwak. Dada alipiga kabla hatujainuka, na eedo akatoka uani kuongea naye.